Kubishana na mtu usiyemjua mtandaoni bila kuunguza maharage

Nianze na maharage maana ndiyo yaliyonifundisha. Jumamosi moja saa mbili usiku nimebandika maharage kwenye jiko la mkaa, nikasema ngoja nichungulie simu dakika tano tu wakati yanachemka, nikakutana na jamaa mmoja profaili ina picha ya simba, jina la kubuni, kaandika chini ya picha ya mlima: "Kilimanjaro ilikuwa yetu, Malkia Victoria akampa mjukuu wake zawadi ya bethdei." Maneno kumi na moja. Yaani anadai mlima ulikuwa wa Kenya, Malkia wa Uingereza akamgawia mjukuu wake Wilhelm, aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani, ndiyo maana leo uko Tanzania. Na watu wamelaiki kweli kweli. Sasa mimi ni mtu wa Moshi, huo mlima nimekua nauona nikifungua mlango wa nyuma asubuhi, damu ikachemka kabla ya maharage, nikaanza kuandika.

Nilimaliza saa saba usiku. Bando limekata, maharage yamegeuka mkaa, sufuria ya dada yangu mpaka leo ina duara jeusi chini, na jibu la mwisho la Simba lilikuwa "nyie Wabongo hata Kizungu hamjui." Mimi niko kwenye mkataba wa 1886, ule wa Waingereza na Wajerumani kuweka mpaka, mwenzangu kahamia kwenye Kizungu!

Tangu hapo nimejiuliza sana, hivi kuna faida yoyote kubishana na mtu asiye na sura wala jina? Naona ipo, ila siyo ile unayoikimbilia ukiwa na hasira, na inapatikana kwenye majibu mawili matatu ya mwanzo, yanayofuata yote ni povu. Haya hapa chini ndiyo ninayofanya siku hizi, chukua yatakayokufaa.

Kwanza ujue unamwandikia nani

Kosa langu usiku ule nilidhani namwandikia Simba. Nilitaka Simba akubali, aandike "aisee umenifumbua macho". Hebu jiulize wewe mwenyewe ni lini umekosolewa mbele ya watu mia ukasema asante. Hata kijiweni kwenye kahawa, ambako watu wanajuana mpaka majina ya babu zao, mtu akibanwa anageuza mada, anacheka, anaanza kulalamika kahawa imepoa. Sembuse mtu ambaye hata ukimshinda hakuna atakayemnyooshea kidole sokoni kesho.

Wanaokusoma ni wengine kabisa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba sehemu nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, na huyo 1 aliyebaki ndiye anayepiga karibu kelele zote. Ni makadirio, usiyachukue kama sensa, lakini ukiangalia uzi wowote utaona hali ndiyo hiyo. Halafu kuna watafiti wawili wa Marekani, Leticia Bode na Emily Vraga, wamefuatilia kwa miaka nini kinatokea mtu akisahihishwa hadharani, kwa mfano uzushi uliosambaa wakati wa mlipuko wa virusi vya Zika, wakakuta kwamba hata ukimwacha kabisa yule aliyeandika uongo, yule anayepita pembeni akauona uongo na hapohapo akaona umesahihishwa na chanzo kimewekwa, uelewa wake unasogea.

Kwa hiyo kabla sijaandika namchagua kichwani mtu mmoja ambaye hajakomenti, namwandikia yeye. Wangu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina sababu: siku mbili baada ya ile sufuria nilipata ujumbe inboksi, mtu hakuandika hata nukta kwenye ule uzi, akaniambia yeye ni mwalimu na hiyo ya bethdei ameifundisha miaka sita bila kuitilia shaka. Huyo mmoja ndiye faida yote ya ule usiku. Ila aliongeza na lingine lililoniuma kidogo, kwamba alisoma majibu yangu matatu ya kwanza halafu akaacha maana "mlikuwa mnatukanana tu". Nilikuwa nimeandika majibu thelathini na moja. Nilirudi nikahesabu.

Mpime mtu wako, dakika mbili tu

Fungua profaili yake kabla hujajibu. Si kwa ajili ya kumchimba maisha yake, hapana, soma posti zake kama ishirini za nyuma basi. Utakayemkuta ni mmoja kati ya hawa.

Kuna anayeamini kweli anachosema. Huyu ana posti za mpira, za bei ya nyanya, za mtoto kaota jino, na katikati yake hiyo hadithi ya bethdei. Huyu anastahili jibu zuri.

Kuna mchokozi, yeye chakula chake ni povu lako. Utamjua maana hana msimamo, leo shabiki wa timu ya Simba kesho wa Yanga, popote penye watu wa kuwatibua. Huyu mpite kama unavyopita dirisha la mlevi usiku.

Halafu kuna kibarua. Hili watu wengi hawalifikirii. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo waliandika ripoti kupitia shirika la Mozilla kuhusu Kenya, wakaonyesha vijana wanavyopangwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wanapewa hashitegi na maneno ya kuandika, kwa malipo ya kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, na waliokuwa wakishambuliwa ni pamoja na majaji na wanaharakati wakati wa ule mvutano wa BBI, mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya. Sasa fikiria, wewe umetoka kazini umechoka unabishana kwa uchungu wa nchi, kumbe mwenzako ndiyo kwanza ameingia kazini. Bando lako unalipa mwenyewe, lake limelipiwa. Hakuna hoja utakayompa akaacha, maana akiacha atalala njaa. Dalili yake: posti nyingi kupita kiasi kwa siku, zote mada moja, na sentensi zake zinafanana neno kwa neno na za akaunti nyingine. Kopi sentensi moja ndefu, itafute, ukiikuta kwa watu kumi na wawili funga simu.

Wa nne ni mfanyabiashara wa hasira. Mtandao wa X, zamani Twitter, tangu 2023 unawalipa baadhi ya wenye akaunti kutokana na watu wanavyochangia kwenye posti zao, kwa hiyo kuna watu wanaandika ujinga kwa makusudi wakijua wataalamu wote watakuja mbio kusahihisha. Kila "mjinga wewe" unayoandika inampeleka mbele. Ukiona mtu kaandika kitu cha kukera mno na hajibu mtu hata mmoja, na kila siku ana kingine kipya cha kukera, ujue hapo ni dukani. Ukiona lazima usahihishe, piga skrinishoti uandike kwenye ukurasa wako, usimpelekee wateja.

Kuhusu kuficha jina. Naona watu wanaanza na "kama wewe mwanaume weka jina lako". Acha hiyo. Mtu ana sababu zake, anaweza akawa mtumishi wa serikali, binti anayesumbuliwa na mume wa zamani, au muoga tu kama wengi wetu. Hapa kwetu Desemba 2016 Maxence Melo wa mtandao wa mijadala wa JamiiForums alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa sababu polisi walitaka taarifa za watumiaji na yeye hakuzitoa, kwa hiyo tusijifanye hatujui kwa nini watu wanajiita Simba. Na tena mimi mwenyewe usiku ule nilikuwa na jina la kubuni na picha ya mgomba.

Kuna hii imani kwamba mtu akificha sura ndiyo anakuwa mshenzi. John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 2004 jinsi mtandao unavyomlegeza mtu breki, na kweli ipo. Lakini Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa chuo kikuu cha Aarhus kule Denmark walikuja kuchunguza watu wanaogombana siasa mtandaoni wakakuta wale wakorofi wa mtandaoni ni walewale wakorofi wa ana kwa ana, ila mtandaoni wanaonekana na watu wengi zaidi. Kwa kazi yetu hii maana yake ni moja: kama posti zake ishirini za nyuma ni matusi, hutapata malaika kwenye ya ishirini na moja kwa sababu umemjibu kwa upole.

Majibu matatu, basi

Kuna sehemu kwenye Reddit, mtandao wa mijadala, ambako watu wanakuja wenyewe kusema "maoni yangu ni haya, nibadilisheni", na akibadilishwa anampa aliyembadilisha alama. Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell wakazichambua hizo mada kwa wingi, wakachapisha 2016. Walikuta kurudishiana maneno kidogo kunasaidia, lakini mkishafika mara nne tano za kujibizana, uwezekano wa mtu kubadilika unaporomoka. Na kumbuka hao ni watu walioomba kubadilishwa! Simba hakuomba. Simba alikuwa anafurahia laiki zake.

Ndiyo maana nimejiwekea matatu. La kwanza unaweka ukweli, kwa mtu wa pembeni. La pili unajibu swali moja tu ambalo ni swali kweli, akikurushia matano chagua lililo zito mengine yaache. La tatu unafunga, sentensi moja, "mimi nimeishia hapa mkuu, msomaji aangalie ramani aamue". Baada ya hapo zima taarifa za huo uzi. Usimbloku kwanza, kumbloku kunampa skrinishoti ya kutamba nayo, we zima taarifa tu, akiandika anaandikia upepo.

Ngumu ni kuliacha neno la mwisho kwake. Najua. Vidole vinawasha. Mimi huwa naweka simu kwenye chaji chumba kingine, na jikoni siingii nayo tena, dada alishatoa onyo.

Hao wa Cornell walikuta mambo mengine mawili ninayoyatumia. Moja, wanaofanikiwa kubadilisha mtu hutumia maneno tofauti na aliyotumia mwenye mada, yaani wanaleta kitu kipya, hawasokoti yaleyale. Yeye akisema "zawadi, zawadi" na wewe ukawa "siyo zawadi, siyo zawadi" mtakesha. Ongelea ramani. Lingine, wale waliokuwa wanaandika "mimi" walikuwa wepesi kubadilika kuliko walioandika "sisi". Wao walichunguza Kiingereza, lakini nimeanza kusikiliza hilo kwa watu wetu na naona lina ukweli wake: mtu akikuambia "mimi nilivyosikia" kuna mlango, akikuambia "sisi Wakenya tunajua" au "sisi wana Msimbazi" ujue umekutana na geti, unaongea na jeshi zima, jibu lako moja kwa watazamaji linatosha.

Jinsi ya kuandika lile jibu la kwanza

Hapa nikae kidogo maana ndipo kazi ilipo.

Alberto Brandolini, mtu wa programu za kompyuta kutoka Italia, aliandika 2013 kwamba nguvu ya kuukanusha upuuzi ni kubwa mara kumi kuliko ya kuutengeneza. Simba alitumia maneno kumi na moja. Mimi nilikesha. Ukiliingia jibu la kwanza bila kulijua hili utaandika aya saba, na hakuna mtu wa pembeni anayesoma aya saba akiwa kwenye daladala amesimama mguu mmoja.

Nilichoandika usiku ule kilianza hivi: "Wewe historia hujui, 1886 huyo Wilhelm alikuwa katoto kadogo tu, mkapewa wapi huo mlima..." na kuendelea. Kosa la kwanza unaliona, nimeanza na "wewe historia hujui", hapo aliyesoma pembeni kashajua ni ugomvi kaondoka. Kosa la pili lilinimaliza. Simba akajibu: "Kazaliwa 1859, toa mwenyewe." Ukitoa unapata 27. Katoto ka miaka 27. Watu wakamlaiki, na alikuwa na haki. Badala ya kusema "hapo umenipata mkuu, nimekosea", nikaanza kuzunguka, oh nilimaanisha kisiasa, oh kwa Wazungu miaka 27 bado ni kijana. Aibu. Kwa kukimbia kosa dogo nikafanya hoja yangu kubwa ionekane nayo ni ya uongo. Siku hizi nikikosea naandika hapohapo "kweli nimekosea mwaka, asante, ila mstari wa mpaka uko palepale". Halichukui sekunde kumi, na nimeona watu wa pembeni wanakuamini zaidi baada ya hapo, kwa sababu wameshajua wewe ukikosea unasema.

Baada ya ule ujumbe wa mwalimu nilirudi kwenye uzi, nikiwa kwenye daladala natoka Kariakoo, nikaandika jibu moja jipya, hivi:

"Mkuu hii ya bethdei hata mimi nimekua naisikia. Ila mpka uliwekwa kwenye makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na mwaka huo huyo mjukuu alikuwa mwanamfalme tu, Kaisari alikuwa babu yake Wilhelm wa Kwanza, yeye kakalia kiti 1888. Fungua ramani uone mstari unatoka pwani karibu na Vanga unanyooka mpaka Ziwa Jipe, unauzunguka mlima kwa kaskazini, halafu unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Mjerumani kapata mlima, Mwingereza kabaki na Mombasa. Ilikuwa biashara."

Hiyo "mpka" ni mpaka, dereva alikanyaga breki, nikaona nisiguse.

Angalia lilivyokaa. Linaanza na mimi pia nimeisikia, kwa hiyo aliyeamini haonekani mjinga, ana pa kutokea. Lina mwaka mmoja mkuu. Lina kitu ambacho msomaji anaweza kukihakikisha mwenyewe bila kuniamini mimi, yaani ramani, kila mtu ana ramani kwenye simu. Na linatoa hadithi mbadala, maana ukimnyang'anya mtu hadithi bila kumpa nyingine ataokota ileile. Kwa nini mstari umepinda? Kwa sababu Wajerumani mwaka 1885 walishamtuma Jühlke, mtu wa Karl Peters, yule Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba na machifu huku kwetu, akasainishana na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walikuwa wakimwita Mandara, wakawa na karatasi ya kushika mkononi kwenye meza ya mazungumzo. Na mwaka huohuo Sultani wa Zanzibar naye alikuwa kamtuma jenerali wake Mathews kwenda kukusanya saini za machifu walewale. Yaani kila mtu alikuwa na karatasi ya huo mlima, na wananchi wenyewe hawakuitwa hata kikao kimoja. Hii nimeiweka kwenye jibu la pili baada ya mtu kuuliza, sikuimwaga yote mwanzoni.

Kuna wanaosema ukimsahihisha mtu ndiyo unamzidishia ubishi. Hiyo ilitokana na utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa 2010 ambao ulisambaa sana, lakini baadaye Thomas Wood na Ethan Porter wakajaribu kwa watu wengi zaidi na mada nyingi zaidi, hicho kitu karibu hawakukiona kabisa. Watu wengi wakipewa taarifa sahihi wanasogea kidogo upande wa ukweli, hata kama timu yao hawaihami. Kwa hiyo hilo lisiwe kisingizio cha kukaa kimya.

Chelewa

Hili nimelichukua kwa wazee. Kubishana na mtu usiyemwona siyo kitu kipya kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa anarushiana tungo na washairi wa Lamu huko nyuma karne ya 19 ikiwa changa, Mombasa na Lamu zikiwa na uhasama wa kweli wa vita, na baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, likawa uwanja wa washairi kujibizana, wengine kwa lakabu tu. Ila angalia ugumu wake: ukitaka kumjibu mtu ilibidi utafute vina, upime mizani, uandike kwa mkono, upeleke posta, usubiri toleo lijalo. Mpaka shairi linatoka hasira ilishapoa imebaki hoja na utani. Mtu akikutukana bila vina alionekana hajui.

Mimi shairi siwezi. Ninachofanya naandika jibu kwenye noti za simu, siyo kwenye kile kiboksi cha kujibu, halafu naendelea na shughuli. Nikirudi baada ya saa moja nusu ya maneno nayafuta, na mara nyingi nafuta jibu zima. Ukiona huwezi kusubiri hata hiyo saa moja ujue hoja imeshaisha zamani, hapo ni wewe na roho yako tu. Na usiku baada ya saa nne sijibu mtu kabisa, sijawahi kuandika kitu cha maana saa sita usiku.

Sheria, kwa kifupi

Mimi si mwanasheria. Ila ukijificha nyuma ya picha ya mgomba usidhani hupatikani. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu cha taarifa za uongo kilivyopitishwa adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili, kuna cha unyanyasaji wa mtandaoni pia. Kenya nao wana yao ya 2018. Kwa hiyo bishana na maneno yake, usitaje anapofanya kazi, usiposti picha ya mke wake, usimsingizie wizi hata kama anakukera vipi. Kabila lake na dini yake viache. Akikufanyia hayo wewe, hapo hakuna kubishana tena, piga skrinishoti inayoonyesha tarehe na jina la akaunti, ripoti, toka.

Ninapojibu mara moja na nisipojibu kabisa

Dawa na afya ninajibu mara moja na chanzo, sirudii, maana mtu anaweza akaacha dozi kwa sababu ya komenti na kumwacha bila jibu roho inanisuta. Mpira sijibu, mpira ule ni burudani, ukileta takwimu pale wewe ndiye unaharibu sherehe. Dini ya mtu sijibu. Msiba ukiwa umeposti halafu mtu akaja na siasa zake chini yake, nafuta komenti yake bila maelezo, ule ni ukuta wangu. Na mtu akiwa na wafuasi wanne na hakuna aliyelaiki, hata aseme jua linachomoza Kigoma namwacha, maana nikimjibu mimi ndiye ninayemtafutia watazamaji.

Na grupu la ukoo ni habari nyingine kabisa, pale mnajuana, mjomba akileta uzushi unampigia simu pembeni kwa heshima zote, "shikamoo mjomba, ile ya kitunguu swaumu uliyotuma naomba tuongee", humsahihishi mbele ya wakwe zake. Huyo si mgeni, usimpe majibu matatu ukafunga.

Simba bado yupo. Mwezi uliopita nimemkuta chini ya picha nyingine ya mlima, karusha maneno yaleyale kumi na moja, bethdei na kila kitu. Nikashika simu nikaanza kuandika, halafu nikaona chini yake kuna mtu kashamjibu, simjui, hana picha wala jina la maana, kabandika ile aya yangu yote ya kwenye daladala kama ilivyo bila kunitaja, Vanga, Ziwa Jipe, babu yake Wilhelm, na "mpka" yangu imo.